Uzi: Nati za turbo zimegoma kwenye Forester, nazitoaje bila kukata stadi?

Boksa_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla hatujaharibu kitu.

Gari ni Forester SG5, injini EJ205, turbo TD04. Turbo inapiga mluzi, moshi wa bluu unatoka ukikanyaga baada ya kukaa kwenye foleni, na shafti ukiishika kwa vidole inacheza mpaka mapanga yanagusa ukuta. Kwa hiyo inatoka, hilo halina mjadala.

Bomba la ekzosi linaloshuka nyuma ya turbo tumeshalifungua. Lilisumbua, mwisho likakubali. Shida ni zile nati tatu za chini zinazoishika turbo na bomba linalopandisha moshi kutoka kwenye injini. Ya mbele imetoka. Ya ndani kona zimelika, soketi namba 14 inazunguka tu. Ya nyuma, ambayo hata kuiona ni kwa kioo, haijatikisika kabisa. Fundi anataka kuvalisha bomba refu kwenye mkono wa spana alazimishe. Nimemwambia asubiri kesho. Mnashaurije?

dereva_wa_kona
Avalishe bomba mkuu. Hakuna nati inayomshinda binadamu.

Cheche_Buguruni
@dereva_wa_kona nati haimshindi, stadi, ile bolti isiyo na kichwa ambayo nati inakazwa juu yake, ndiyo inamshinda. Mimi ni mchomeleaji, na kazi nyingi za ekzosi zinazoletwa kwangu zimeanzia kwenye hilo bomba refu. Nati ikishashikana na stadi kwa kutu, nguvu yote unayoongeza inaishia kwenye stadi, na stadi yenyewe imeshapikwa na moto miaka na miaka. Inakatika usawa wa chuma. Hapo ndipo namba yangu inatafutwa.

Nyundo_Taratibu
Mleta uzi, swali moja kwanza: hiyo turbo unaitengeneza uirudishe, au unaweka nyingine?

Boksa_Mbagala
Naweka nyingine mzee wangu. Nimepata ya mtumba, TD04 hiyohiyo, ipo nyumbani kwenye boksi.

Nyundo_Taratibu
Basi nusu ya shida yako imekwisha. Kwenye hizo Subaru, stadi zile tatu zimefungwa kwenye nyumba ya turbo yenyewe, zinashuka chini kupita kwenye flanji ya bomba, yaani ule uso bapa wa kuungia, na nati zinakazwa kwa chini. Turbo inakwenda kwa wauza chuma chakavu. Stadi zake unazilinda za nini? Kinachobaki kwenye gari ni bomba linalopanda na flanji yake. Hiyo flanji ndiyo usiitie kovu, kwa sababu gasketi mpya italala juu yake na ikivuja moshi pale turbo haipati msukumo.

Nati iliyolika kona ipasue. Tindo kali ubavuni, au kile kifaa cha kupasulia nati kama kinaingia. Ya nyuma kama moto wa gesi unafika, ipashe. Kama haufiki, acha ikatike, hujapoteza kitu. Wengine hawahangaiki nazo kabisa wakiwa chini ya gari: wanafungua bomba kule chini linakoungana na ekzosi ya upande wa kulia, wanatoa turbo na bomba lake kwa pamoja, wanakwenda kuzifungua kwenye jiriwa. Inabana, ila mezani una mikono miwili na macho mawili.

Sasa fungua hilo boksi. Angalia stadi za hiyo uliyonunua.

Boksa_Mbagala
Mzee umejuaje? Stadi mbili zipo, uzi wa moja umechafuka kidogo. Ya tatu imekatika, imezama chini ya uso wa chuma kama unene wa shilingi. Muuzaji anasema aliuza kama ilivyo.

Nyundo_Taratibu
Sikujua, ila turbo za mtumba hutolewa kwa haraka huko zinakotoka. Na gari nyingi zimeishi sehemu kama Hokkaido, barabara zinamwagiwa chumvi kipindi cha theluji. Juu gari linang'aa, chini kila nati ni jiwe.

dereva_wa_kona
Hiyo rahisi. Nunua ile skrubu ya kutolea bolti zilizokatika. Unatoboa katikati, unaigonga iingie, unazungusha kinyume. Dakika tano.

Nyundo_Taratibu
Hapana. Na hapa nitaandika kirefu, kwa sababu hiyo dakika tano ndiyo inayotupa turbo nzima.

Fikiria. Ile stadi ilikuwa na unene wa milimita 10 na ilikatika kabla haijakubali kuzunguka. Wewe unataka kuitoa kwa kijiti cha milimita nne au tano kilichopigwa ndani yake. Kitakachokatika ni kijiti. Tena kijiti chenyewe kina umbo la kabari, kila unapokigonga kinaipanua stadi, inazidi kubana ukuta wa tundu. Kikikatikia mle ndani umekwisha, kwa sababu ni chuma kigumu kuliko keekee zako za kawaida. Utahitaji keekee ya kabaidi na mkono usiotetemeka, au fundi mwenye mashine ya kulia chuma kwa cheche za umeme. Skrubu hizo zina kazi yake: bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, isiyo na kutu. Kwenye ekzosi mimi sizigusi.

Elewa pia kwa nini hizi zinashika namna hii. Ekzosi ya injini ya petroli yenye turbo ikipandishiwa mzigo moshi wake unaweza kufika nyuzijoto 900 na zaidi. Chuma kinavimba, kinapoa, kinasinyaa, kila siku. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa hiyo kutu, kwa hiyo ule upenyo mdogo kati ya uzi wa nati na uzi wa stadi unajaa na kubanwa. Mafuta peke yake hayapiti hapo. Lazima kwanza uivunje ile kutu, ndipo mafuta yapate njia. Kuna njia mbili za kuivunja: mtikisiko na joto. Nguvu ya mkono inakuja baadaye, tena kidogo tu.

Kwa nati iliyo nzima, mimi huanza hivi. Nasugua uzi unaochomoza kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, maana nati inabidi ipite hapo ikitoka. Ukiacha uchafu itakwama katikati ya safari. Natia mafuta jioni, asubuhi tena. Soketi ni ya pembe sita, usije na ya pembe kumi na mbili, hiyo ndiyo imekula kona za nati yako. Nagonga kichwa cha nati kwa nyundo, mapigo mafupi makavu. Halafu naanza kwa *kukaza* kidogo. Ndiyo, kukaza, mpaka nisikie imenyong'onyea. Ndipo nalegeza robo ya robo, narudisha, natia mafuta, nalegeza. Ikianza kulia usifurahi ukaendelea kuzungusha, rudi nyuma. Kelele hiyo ni uzi unasagana.

Ikikataa yote hayo, moto. Pasha nati, usiipashe stadi. Nati ikiwaka nyekundu inapanuka, na stadi iliyo ndani bado haijapata joto lile. Hapo kuna sekunde chache za bahati.

MamaSpana_Nai
Niko Nairobi, gereji yetu haiko mbali na Kirinyaga Road, na Subaru ndizo mkate wetu. Naunga mkono mzee Nyundo, niongeze mawili.

Kwanza mafuta. Lile kopo la kawaida la WD-40 lilitengenezwa kufukuza maji. Linasaidia, lakini si dawa ya kutu ya ekzosi. Sisi tunachanganya ATF, mafuta ya gia za otomatiki, na asetoni nusu kwa nusu. Ni lazima utikise kila unapotumia kwa sababu havikai pamoja. Asetoni iwe halisi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa marashi na maji. Na mchanganyiko huo ni petroli mtupu kwa moto: siku ya mafuta si siku ya gesi. Uuache ukauke, ufute, ndipo uwashe.

Pili mshumaa. Nati ikishapashwa na wekundu umeanza kupotea, gusa nta kwenye mstari wa uzi. Itayeyuka na kunyonywa ndani yenyewe. Wateja hucheka wakiona makanika amebeba mshumaa mchana, wacha wacheke.

Na kitu kimoja ambacho naomba hata usomaye tu ukikumbuke: ile dawa ya kopo ya kusafishia breki, zipo zenye klorini. Usiwahi kuipulizia chuma halafu ukakipasha au kukichomelea. Moshi wake unazaa gesi ya fosjini, ile iliyoua wanajeshi kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Nati zenye zinki nazo, zile nyeupe zinazong'aa, moshi wake ukiwaka unaumiza. Fungua milango ya gereji.

Wadi_Kabir
Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Maskati, karakana iko sanaiya ya Wadi Kabir, tunafanya Land Cruiser kwa wingi. Ndugu zangu mnaogopa sana. Bunduki ya upepo, iweke kwenye nguvu ndogo kabisa, iache igongegonge mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mtikisiko ule ule anaousema mzee, ila mashine inafanya kwa sekunde kile nyundo inafanya kwa nusu saa. Stadi tunazokata ni chache kuliko za mkono mrefu.

Nyundo_Taratibu
@Wadi_Kabir wa alaykum salaam. Sikatai, bunduki kwa nguvu ndogo ni salama kuliko bomba refu. Tatizo ni neno "ndogo". Vijana wengi wanayo moja tu, na hiyo moja ni ya kufungulia nati za tairi za Fuso. Na kwa huyu ndugu haingii pale nyuma hata ukivua kila kitu.

Wadi_Kabir
Hapo umesema kweli. Kwenye Subaru nafasi haipo, Land Cruiser unaweza kulala ndani ya boneti.

Cheche_Buguruni
Turudi kwenye stadi iliyozama ya turbo ya mtumba. Hiyo inatoka kwa kuchomelea. Nitaeleza, mleta uzi umpe mchomeleaji wako, au uilete.

Kama mnaweza kutenganisha nyumba ya moto, yaani ganda la upande wa ekzosi, na kiini cha turbo, tenganisheni kwanza, mkiweka alama ili irudi kwa pembe ileile. Kiini kina beringi na sili, hakitaki kukaa jirani na kazi hii. Kama haitenganishwi, zibeni matundu yote kwa kitambaa kibichi, cheche moja ikitua kwenye mapanga mtaisikia. Waya wa ethi ubanwe kwenye ile nyumba ya moto penyewe. Usiubane upande wa konpresa, ule wa hewa safi, umeme utapita kwenye beringi ukielekea nyumbani. Na ikitokea mnachomelea turbo ikiwa garini, betri ifunguliwe.

Stadi imezama, kwa hiyo anza kujaza chuma katikati yake, vidonda vifupi, mpaka kiinuke usawa wa uso. Usiogope kugusa ukuta, chuma cha kusubu hakishikani kirahisi na weld ya namna hiyo, stadi ndiyo inayoshika. Kikishainuka weka washa, kile kipete bapa cha chuma, ishike kwenye kile kidonda. Juu ya washa weka nati, ijaze ndani yote. Fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 inatosha. Napenda fimbo aina ya E7018 iliyokaushwa vizuri, au 309 ya stainless nikiwa nayo. Mwenye MIG, mashine ya kuchomelea kwa waya, anafanya kwa raha zaidi.

Sasa subira. Wengi wanashika spana nati bado inawaka, inang'oka na weld yake. Iache. Joto limeifanya stadi itake kuvimba, ukuta baridi ukaizuia, kwa hiyo ikipoa inasinyaa kuwa nyembamba kidogo kuliko ilivyokuwa. Huko kusinyaa ndiko kunapasua kutu. Wekundu ukishaisha, mshumaa wa dada MamaSpana, kisha spana, kaza-legeza kaza-legeza. Nati iking'oka weka nyingine, kila moto unaoongeza unasaidia.

dereva_wa_kona
Na weld ikikataa kabisa?

Cheche_Buguruni
Hapo ndipo keekee, ila mezani, kwenye mashine ya kusimama, si ya mkononi. Alama ya katikati iwe katikati kweli. Anza na 3 mm, panda taratibu. Kuna keekee zinazokata kwa kuzunguka kushoto, hizo mara nyingine huikamata stadi na kuitoa zenyewe njiani. Uzi wa pale ni M10 kwa 1.25, yaani unene milimita 10 na hatua ya uzi 1.25, tundu la kutepu (kuchonga uzi ndani) ni milimita 8.8. Ukifika hapo na uko katikati, ngozi iliyobaki unaichokoa, unapitisha tepu kusafisha. Ukiwa umekwenda pembeni, unapanua na kuvalisha uzi wa koili, ule uzi mpya wa waya unaoingizwa tunduni.

Boksa_Mbagala
Wakuu, mrejesho.

Stadi imetoka. Nilipeleka Gerezani kwa mchomeleaji nikamsomea maelezo ya Cheche neno kwa neno, akacheka akasema huyo mtu anaijua kazi. Nati ya kwanza iling'oka. Iliyofuata ilikubali, ilitoka ikilia na unga wa kutu ukimwagika. Uzi wa ndani mzima, amepitisha tepu tu.

Kwenye gari ile iliyolika kona tumeipasua kwa tindo. Ya nyuma fundi aliikaza kidogo kama mzee alivyosema, ikatikisika, halafu ikakatika. Hakuna aliyelia. Flanji haijaguswa.

Sasa stadi mpya. Dukani wananipa bolti zenye alama 12.9, wanasema ndizo ngumu kuliko zote. Nichukue?

Nyundo_Taratibu
Usichukue. Ugumu wa 12.9 umepatikana kwa kuunguzwa na kupozwa kiwandani, na joto la ekzosi linaufuta. Ikishapita nyuzi 400 hivi inaanza kulainika, na pale inapita kila siku. Stainless ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi nayo siipendi, inavimba kuliko chuma cha kusubu na uzi wake una tabia ya kung'ang'aniana. Tafuta stadi na nati za ekzosi za Subaru, mpya. Nati ziwe mpya pia, zile za zamani kujifunga kwake kumeshakwisha. Toa na zile stadi mbili zilizobaki kwenye ya mtumba, uweke tatu zinazofanana. Kwa hizo zenye mwili mzima nati mbili zikibanwa pamoja zinatosha kuzigeuza.

MamaSpana_Nai
Paka ile grisi ya kuzuia kushika, ya nikeli au ya shaba, kidogo kwenye uzi tu. Ukishapaka uzi unateleza, kwa hiyo punguza kipimo cha kukaza kama robo, ukikaza kwa kipimo kamili utavuta stadi. Kitabu cha EJ pale kinataka kama 35 Nm tu, si pa kuning'inia. Gasketi ziwe za chuma, mpya. Na tafadhali, silikoni isikaribie njia ya mafuta ya turbo, ya kuingia wala ya kurudi. Kipande kikimeguka kinaziba, na turbo hii itakufuata na moshi wa bluu kama ile.

Cheche_Buguruni
Ile ya kwanza ilikufa na nini kwani?

Boksa_Mbagala
Fundi anasema uzee.

MamaSpana_Nai
Uzee haulali peke yake. Fuata bomba la mafuta linalokwenda kwenye turbo. Kwenye Subaru nyingi zenye AVCS, ule mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, ndani ya bolti yenye tundu inayoshika bomba hilo kuna kichujio kidogo cha waya. Kikiziba kwa tope la oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo inazunguka kavu. Kitoe ukiangalie kabla hujafunga kitu. Kisafishe au uweke kipya, ubadilishe oili na filta, halafu mimina oili safi kwenye tundu la turbo na uzungushe shafti kwa kidole. Kabla ya kuwasha, zuia injini isiwake, piga stata mpaka mafuta yafike juu.

Boksa_Mbagala
Dada nimeitoa sasa hivi. Kile kichujio kimejaa kitu cheusi kama lami, mwanga haupiti.

Nyundo_Taratibu
Basi hicho ndicho kilichoiua. Fungua na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, uangalie wavu wa pampu ya mafuta, tope hilo halikukaa sehemu moja.

pikipiki_na_pick_up
Samahani naingilia, mimi nina Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ. Stadi mbili za manifodi ya ekzosi zimekatikia kwenye silinda hedi. Nami nichomelee nati vilevile?

Cheche_Buguruni
Inawezekana, ila hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu. Aluminiamu inavimba karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo joto la wastani linakusaidia sana, na joto la kupita kiasi linakuyeyushia tundu. Hapo usiwashe gesi kabisa. Washa injini ipate uvuguvugu, zima, chomelea nati kwa moto mfupi, acha stadi ipoe huku hedi bado ina joto. Kimechomoza kiasi gani?

pikipiki_na_pick_up
Moja milimita tatu hivi, nyingine imezama.

Cheche_Buguruni
Anza na iliyochomoza. Iliyozama piga picha uiweke hapa kabla mtu hajaigusa na keekee.